Kukokotoa obiti ya nyota pacha kwa vipimo vya karne tatu

Tungamo la nyota iliyo peke yake hukadiriwa kwa mwanga na rangi yake, na makadirio hayo huegemea nadharia. Nyota mbili zinazozungukana hutupatia kitu bora zaidi: muda wa mzunguko na ukubwa wa obiti, na kutoka hapo kanuni ya Kepler inatoa jumla ya tungamo zao. Tatizo ni muda. Jozi nyingi zinazotenganishwa kwa darubini hukamilisha mzunguko mmoja kwa miaka inayozidi umri wa mtu, kwa hiyo anayekokotoa obiti leo hutumia namba zilizoandikwa na watu waliokwisha fariki, kwa vyombo ambavyo vingi sasa vimo katika majumba ya makumbusho. Hesabu yenyewe inawezwa na mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye kompyuta ya kawaida. Kazi ngumu ni kupima kila namba ya zamani inastahili kuaminiwa kiasi gani, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mfano wangu ni Gamma Virginis, iitwayo pia Porrima, katika kundinyota la Mashuke. Iko karibu na ikweta ya anga, hivyo kwa aliye Nairobi au Kampala hupita juu ya utosi, au karibu sana napo. Nyota zake mbili zinakaribia kulingana kwa mng'ao, na siku hizi zimeachana zaidi ya sekunde 3 za tao. Darubini yenye lenzi ya milimita 80 inazitenganisha usiku ambao hewa imetulia. Kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1718, na tangu hapo jozi hii imekamilisha mzunguko mzima na kuendelea. Kwa anayejifunza, sijui jozi iliyo bora kuliko hii, kwa sababu jibu sahihi linajulikana na historia yake inaonyesha mitego yote.

Kusafisha vipimo

Kila kipimo kina namba tatu: tarehe, pembe na umbali. Pembe, tuiite θ, huhesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki, digrii 0 hadi 360, ikionyesha nyota ya pili iko upande gani wa ile ya kwanza. Umbali, ρ, huandikwa kwa sekunde za tao, na sekunde moja ni sehemu ya 3600 ya digrii. Hazina kubwa ya vipimo hivi ni katalogi ya nyota pacha ya Washington, inayotunzwa na US Naval Observatory ya Marekani. Ina jozi zaidi ya 150,000, na watunzaji wake humpa anayeomba orodha yote ya vipimo vya jozi anayoitaka. Gamma Virginis imo kwa namba 12417−0127, na kwa jina la mgunduzi ni STF 1670, herufi hizo zikimwakilisha F. G. W. Struve wa Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, nchini Estonia.

Katalogi ikikufikia, usiingize namba kwenye programu mara moja. Nenda kwanza kwenye maandishi ya asili kila inapowezekana. Mengi yamechanganuliwa na yanasomeka bure katika intaneti. Angalia tarehe. Zinahitajika kwa mwaka wenye desimali: tarehe 21 Novemba 1781 ni siku ya 325, gawanya kwa 365, unapata 1781.89. Tofauti ya siku 11 kati ya kalenda ya Julius na ya Gregori haidhuru kitu hapa, lakini kuna jambo jingine linalodhuru. Uingereza hadi mwaka 1752 ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, hivyo kipimo cha Februari au mwanzoni mwa Machi kinaweza kuwa kimeandikiwa mwaka ambao kwa hesabu yetu ulikuwa umeshapita.

Halafu kuna lugha ya William Herschel. Alianza kutafuta nyota pacha mwaka 1779, na mwaka 1803 alitangaza kwamba baadhi ya jozi, Castor ikiwa mojawapo, zinazungukana kweli. Bila vipimo vyake hatuna mwanzo wa obiti nyingi. Lakini yeye hakuhesabu pembe kutoka kaskazini. Aliihesabu kutoka kwenye mstari wa mashariki na magharibi, digrii 0 hadi 90, akaongeza herufi za robo: n au s kwa kaskazini au kusini, f au p kwa upande unaofuata (mashariki) au unaotangulia (magharibi). Ili kupata θ ya leo, kwa nf toa pembe yake kutoka 90. Kwa sf ongeza 90. Kwa sp toa kutoka 270. Kwa np ongeza 270. Aliyekosea robo moja atapata nukta iliyoruka upande wa pili wa anga, na programu itaipinda obiti nzima ili kuifuata.

Kwa nyota zinazolingana mng'ao kama hizi za Porrima, kuna mruko mwingine wa digrii 180. Mtazamaji mmoja huichagua hii kuwa ya kwanza, mwenzake akaichagua ile. Pembe ya 312 na pembe ya 132 zinaweza kuwa kitu kimoja. Tiba yake ni kuzichora pembe zote dhidi ya muda na kutazama: zilizoruka zitajionyesha zenyewe, nawe utazirudisha kwa kuongeza au kutoa 180. Andika kando kila ulichobadilisha na sababu yake.

Kuna pia suala la kaskazini yenyewe. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, kwa hiyo kaskazini ya mwaka 1781 si kaskazini ya leo. Sahihisho la kuongeza kwenye pembe ni:

Δθ = 0.0056° × (2000 − t) × sin α ÷ cos δ

ambapo t ni mwaka wa kipimo, α na δ ni mahali pa nyota angani. Kwa Porrima, kipimo cha 1781 kinasogea kwa sehemu ya tano tu ya digrii, na unaweza kukipuuza bila hasara kubwa. Lakini chukua Alpha Centauri, Rijili Kantori ya mabaharia, iliyo kusini kwenye digrii 60.8. Hapo kipimo cha mwaka 1752, kinachotokana na kazi ya Lacaille kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kinasogea karibu digrii 1.8. Kosa la ukubwa huo halivumiliki.

Pembe kwanza, umbali baadaye

Sasa tufike kwenye hukumu yenyewe. Katika vipimo vya zamani, pembe inastahili imani kubwa kuliko umbali. Mtazamaji wa karne ya 18 aliweza kuulaza uzi wa maikromita sambamba na mstari wa nyota mbili, kosa lake likawa digrii moja au mbili. Kupima nafasi ndogo kati ya nyota zinazotetemeka katika hewa ni kazi nyingine kabisa. Kwa jozi za karibu Herschel mara nyingi alieleza umbali kwa kulinganisha na upana wa miduara ya nyota aliyoiona kwenye darubini, na upana huo hutegemea darubini na hali ya hewa ya usiku ule. Hata Struve, aliyekuwa na darubini bora ya Fraunhofer ya sentimita 24 tangu mwaka 1824, alikuwa na mazoea yake ya jicho. Mwanawe Otto alilichukulia jambo hili kwa uzito hata akatengeneza nyota pacha za bandia kule Pulkovo ili apime makosa yake mwenyewe. Ningependa kila anayekusanya data, ya kitu chochote, ajue habari za jaribio hilo.

Sababu ya kuipendelea pembe ni kubwa zaidi ya usahihi wa uzi. Kanuni ya pili ya Kepler inasema mstari unaounganisha nyota hufagia maeneo sawa kwa muda sawa. Obiti halisi imeinama mbele yetu, nasi tunaona kivuli chake kilichobanwa, lakini mbano huo hupunguza maeneo yote kwa uwiano mmoja. Kwa hiyo kanuni inabaki kweli hata kwenye obiti tunayoiona: ρ² ikizidishwa na kasi ya θ haibadiliki. John Herschel, mwana wa William, aliligeuza hilo kuwa mbinu mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ikiwa unajua kasi ya pembe, unajua umbali kwa uwiano bila kuupima.

Jaribu kwa Porrima. Mwaka 1718 James Bradley na James Pound waliona kwamba mstari wa nyota hizo mbili uko sambamba na mstari wa kufikirika kati ya Alpha na Delta za kundinyota hilohilo. Hawakupima umbali wowote, lakini maelezo hayo yanatupa pembe ya karibu digrii 160. Tobias Mayer mwaka 1756 anatoa karibu 144. William Herschel anatoa karibu 131 mwishoni mwa 1781 na karibu 120 mwaka 1803. Kufikia 1822 ilikuwa karibu 103. Chukua karatasi ya grafu, weka mwaka chini na pembe kando, kisha pitisha mstari laini kwa mkono. Usiunganishe nukta na nukta. Kati ya 1718 na 1756 pembe ilipungua digrii 16 kwa miaka 38, yaani digrii 0.42 kwa mwaka. Kati ya 1803 na 1822 ilipungua digrii 17 kwa miaka 19, yaani 0.9 kwa mwaka. Gawanya 0.42 kwa 0.9, chukua kipeuo cha pili: 0.68. Basi karibu na mwaka 1812 nyota hizi zilikuwa kwenye theluthi mbili hivi za umbali wa karibu na 1737. Zilikuwa zinakaribiana, na mwendo unaongezeka. Umejua yote hayo kwa pembe tano na penseli.

Nasisitiza penseli kwa makusudi. Kompyuta hutoa jibu hata pale ambapo hakuna jibu; mkono unaochora unakusimamisha palipo na nukta ya ajabu na kukulazimisha uulize ilitoka wapi.

Umbo la duaradufu

Mstari laini ukishakuwa tayari, soma kasi yake kila baada ya miaka kumi, tafuta umbali kwa uwiano, kisha chora nukta kwenye karatasi nyingine, nyota ya kwanza ikiwa katikati ya dira. Nukta zinapaswa kukaa kwenye duaradufu. Vipimo vya umbali vilivyo bora, hasa vya Struve na waliomfuata, utavitumia kupata kipimo cha mchoro mzima, yaani sentimita moja ni sekunde ngapi.

Nyota ya kwanza haitakaa kwenye fokasi ya duaradufu hiyo, na wengi hushtuka wakiona hivyo. Ungo ukiinamishwa mbele ya macho huonekana duaradufu, na alama iliyochorwa ndani yake husogea pamoja na ungo, lakini kitovu cha ungo hubaki kitovu cha umbo unaloliona. Ndivyo ilivyo hapa: kitovu hubaki kitovu, fokasi haibaki fokasi. Faida yake ni kubwa. Chora mstari kutoka kitovu C kupitia nyota S hadi ukingo wa duaradufu, pale pawe P. Uwiano wa CS kwa CP ndio eksentrisiti ya obiti halisi, e, kwa sababu mwinamo hubana sehemu zote za mstari mmoja kwa kiasi kilekile. Kwa rula tu umepata namba inayosema obiti imebanwa kiasi gani. Porrima itakupa karibu 0.88, obiti nyembamba sana. Nukta P ni periastroni, mahali nyota zinapokaribiana zaidi katika obiti halisi.

Muda wa mzunguko unatoka kwenye maeneo. Pima eneo la duaradufu unayoiona, kwa kuhesabu miraba ya karatasi ukitaka, kisha gawanya kwa eneo linalofagiwa kwa mwaka, ambalo ni nusu ya ρ² ikizidishwa na kasi ya pembe kwa radiani. Mwaka 1812 umbali ulikuwa karibu sekunde 3.6 na kasi digrii 0.9, sawa na radiani 0.0157. Nusu ya 12.96 ukizidisha kwa 0.0157 ni 0.102. Eneo lote ni karibu 17. Gawanya: miaka 167. Jibu la kisasa ni miaka 169 hivi.

Lakini ili ulijue eneo lote ni lazima duaradufu yote iwe imeshaonekana, na hapa historia ya Porrima inatufundisha kitu ambacho vitabu hukipitia upesi. John Herschel alipokokotoa obiti yake ya kwanza, vipimo vyote alivyokuwa navyo vilitoka upande wa polepole wa obiti. Alipata muda wa zaidi ya miaka 500, na katika jaribio la pili zaidi ya miaka 600. Alitabiri periastroni ya mwaka 1834. Nyota zikakaribiana kweli, ila zilichelewa. Mwanzoni mwa 1836 yeye mwenyewe, akiwa Feldhausen karibu na Cape Town, aliona nyota moja tu mahali zilipokuwa mbili. Darubini ya Struve ndiyo iliyoweza kuonyesha kwamba nukta hiyo imerefuka kidogo. Baada ya hapo pembe ilikimbia kwa kasi kubwa, na muda uliokokotolewa ukashuka hadi chini ya miaka 200. Mbinu ya Herschel haikuwa na kasoro. Tao fupi ndilo halikuwa na habari za kutosha.

Kwa hiyo kabla ya kuendelea jiulize kama tao lako limepinda vya kutosha. Ikiwa nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka na mwendo ni uleule miaka yote, huenda hizo si nyota zinazozungukana bali mbili zilizopangana tu machoni petu, kama Delta Herculis. Ikiwa zimepinda lakini periastroni haijaonekana, unaweza kukokotoa, ila utaona obiti nyingi tofauti zikitoshea karibu sawasawa: muda mrefu wenye duaradufu kubwa, muda mfupi wenye ndogo. Iandike hali hiyo wazi katika matokeo yako. Porrima imetupa periastroni mbili, 1836.4 na 2005.5, na muda unapatikana kwa kutoa tu: miaka 169.1.

Hesabu ya kompyuta

Mchoro umekupa makisio mazuri. Sasa kompyuta iyanoe. Obiti ina vigezo saba: muda P, wakati wa periastroni T, eksentrisiti e, nusu ya kipenyo kirefu a, mwinamo i, na pembe mbili Ω na ω zinazosema duaradufu imegeukia wapi. Kutafuta saba kwa mpigo ni kujitakia taabu. Njia iliyo rahisi imetokana na T. N. Thiele wa Denmark na Robert Innes, aliyeongoza Union Observatory ya Johannesburg na aliyeigundua Proxima Centauri mwaka 1915. Vigezo vinne vya mwisho vinabadilishwa kuwa namba nne, A, B, F na G, ambazo zinaingia kwenye hesabu kwa mstari ulionyooka.

Anza kwa kubadilisha kila kipimo kuwa x = ρ cos θ, kuelekea kaskazini, na y = ρ sin θ, kuelekea mashariki. Kisha chagua P, T na e za kujaribu. Kwa kila tarehe kokotoa M = 2π(t − T)/P, halafu utatue mlinganyo wa Kepler, M = E − e sin E. Hautatuliki moja kwa moja. Unakisia E na kuirekebisha hivi:

E mpya = E + (M − E + e sin E) ÷ (1 − e cos E)

Kwa obiti nyembamba usiogope hatua ya kwanza ikiruka mbali. Chukua mwaka 1822.0 kwa P = 169, T = 1836.4 na e = 0.88. M ni −0.535. Ukianza na E hiyohiyo −0.535, hatua ya kwanza inakupeleka −2.38, ya pili −1.62, ya tatu −1.42, ya nne −1.40, na hapo inatulia. Kutoka hapo X = cos E − e, ambayo ni −0.71, na Y = √(1 − e²) sin E, ambayo ni −0.47. Sasa kila kipimo kinapaswa kutimiza:

x = A·X + F·Y
y = B·X + G·Y

Hizi ni hesabu mbili za kutafuta mstari unaotoshea vizuri zaidi, kwa njia ya kupunguza jumla ya miraba ya tofauti. Katika lahajedwali, amri ya LINEST isiyo na namba ya kuanzia inatosha. Rudia kwa P, T na e nyingine, na ushike mseto wenye jumla ndogo kabisa. Kwa Porrima unaweza kujaribu P kutoka 160 hadi 180 kwa hatua ya mwaka mmoja, T kutoka 1834 hadi 1838 kwa hatua ya 0.1, na e kutoka 0.80 hadi 0.94 kwa hatua ya 0.01. Hiyo ni miseto 12,915. Programu fupi ya Python huimaliza upesi. Kisha punguza hatua karibu na jibu na urudie.

Uzito wa kila kipimo ndipo hukumu yako inaporudi. Zidisha pande zote mbili za mlinganyo kwa kipeuo cha pili cha uzito uliokipa kipimo hicho. Vipimo vya darubini za kisasa vinavyotumia picha za haraka za kompyuta, vilivyoanza miaka ya 1970, vinaweza kuwa sahihi mara mia kuliko vya Mayer, lakini ukivipa uzito wote vitafunika ushahidi wa karne ya 18, ambao ndio unaoshikilia muda wa mzunguko. Mimi huvipa vipimo vya zamani uzito mdogo lakini sivifuti, isipokuwa nikiwa na sababu inayoeleweka ya kufuta. Na kwa kipimo chenye pembe nzuri na umbali mbovu, au kisicho na umbali kabisa kama kile cha Bradley, pitisha hatua ya mwisho ya unoaji kwa kutumia tofauti mbili zilizotenganishwa: ρ ikizidishwa na tofauti ya pembe kwa radiani, na tofauti ya umbali, kila moja na uzito wake.

Kurudi kwenye vigezo vya kawaida, chukua u = (A² + B² + F² + G²)/2 na v = AG − BF. Basi a² = u + √(u² − v²), na cos i = v/a². Jumla ω + Ω ina tanjenti ya (B − F)/(A + G), na Ω − ω ina tanjenti ya (B + F)/(A − G). Tumia amri inayozingatia alama za juu na chini, ATAN2, la sivyo utapotea robo. Mwinamo ukizidi digrii 90 maana yake pembe zinapungua kadiri miaka inavyokwenda, kama zinavyofanya za Porrima, ambayo mwinamo wake ni karibu 149. Vipimo vya aina hii peke yake haviwezi kusema nyota ipi inatujia na ipi inatukimbia, hivyo Ω na ω zote zinaweza kuongezewa 180 bila chochote kubadilika; kwa desturi huandikwa Ω iliyo chini ya 180 mpaka kasi za nyota kutujia au kutukimbia, zinazopimwa katika mwanga wao, zitakapoamua.

Tofauti zinazobaki

Baada ya obiti kupatikana, chora tofauti kati ya kila kipimo na hesabu, kwa mpangilio wa miaka. Zikitawanyika pande zote mbili bila utaratibu, vizuri. Zikipanda na kushuka kwa mawimbi, usikimbilie kutangaza kwamba kuna nyota au sayari ya tatu. Jozi ya 70 Ophiuchi, yenye mzunguko wa miaka 88 hivi, ilimshawishi Kapteni W. S. Jacob wa Madras mwaka 1855, na T. J. J. See katika miaka ya 1890, kwamba kuna mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1899 Forest Ray Moulton alionyesha kwamba mfumo aliopendekeza See usingeweza kudumu. Mawimbi yale yalitokana na vipimo vyenyewe. Panga tofauti zako kwa jina la mtazamaji badala ya mwaka, na mara nyingi utaona wimbi likigawanyika kuwa mazoea ya watu wawili au watatu.

Tungamo sasa linapatikana kwa mstari mmoja. Gawanya a kwa paralaksi, zote kwa sekunde za tao, chukua kipeo cha tatu, gawanya kwa P². Kwa Porrima a ni 3.66 na paralaksi karibu 0.086: unapata 42.6, kipeo chake cha tatu ni kama 77,000, na 169.1 kwa kipeo cha pili ni 28,595. Jibu ni 2.7, yaani nyota hizo mbili kwa pamoja zina tungamo la Jua mara 2.7, na kwa kuwa zinalingana, kila moja ina kama mara 1.35. Kumbuka kosa la asilimia moja katika a au katika paralaksi huwa asilimia tatu katika tungamo. Kwa tao ambalo halijakamilika kuna nafuu moja: a na P hukosea pamoja, na uwiano wa a³ kwa P² mara nyingi hutulia mapema kuliko kila moja peke yake. Obiti isiyo na uhakika inaweza hivyo kutoa tungamo linalotumika.

Baada ya Porrima, jaribu Xi Ursae Majoris, jozi ya kwanza kabisa kukokotolewa obiti, kazi ya Félix Savary wa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1820. Mzunguko wake wa miaka 60 umerudiwa mara kadhaa na kila kosa lako litaonekana haraka. Kisha chukua Alpha Centauri, iliyotambuliwa kuwa pacha na Padri Jean Richaud akiwa Pondicherry mwaka 1689. Muda wake ni karibu miaka 80, a ni sekunde 17.5, paralaksi 0.75, na mwinamo wa digrii 79 unafanya duaradufu tunayoiona iwe nyembamba kiasi kwamba kuitafuta kwa penseli ni mtihani wa kweli. Kutoka Dar es Salaam hufika digrii 36 juu ya upeo wa kusini, urefu unaotosha kuipima mwenyewe kwa kamera na darubini ya kawaida, ukaongeza mstari wako chini ya ile ya Lacaille na Herschel.